Niko Coburg, Kwenye Mji wa Wenye Majina ya Maziwa Yetu

Habarini ndugu zangu wa huko nyumbani, Mwanza mpo? Na wa Lubumbashi msiondoke, maana leo nanyi mmo. Nipo Coburg, kaskazini mwa Bavaria, huku Ujerumani. Mji una watu kama elfu arobaini tu. Lakini mumwone huyu bwana aliyesimama katikati ya soko.

Huyu ni Albert. Ndiyo, huyohuyo wa Ziwa Albert, kule Uganda na Kongo. Alizaliwa nje kidogo ya mji huu mwaka 1819, na aliyekuja kuizindua sanamu hii mwaka 1865, yeye akiwa ameshafariki, ni mjane wake. Mjane mwenyewe ni Victoria, Malkia wa Uingereza. Huyo wa ziwa letu.

Sasa shikeni nasaba, msinipotee. Huku kulikuwa na mtawala anaitwa Franz. Nchi yake kijisehemu, madeni tele. Ila watoto alijaliwa! Ernst akabaki nyumbani, akarithi, akamzaa Albert. Dada yake, Victoire, akaolewa Uingereza, akamzaa Victoria. Kwa hiyo Albert ni mtoto wa mjomba wake Victoria, na mwaka 1840 wakafunga ndoa. Nyie wa pwani najua hamshangai, binamu kuoana kwenu si habari. Sisi wa bara tungeitishiwa kikao cha ukoo.

Mshenga wao alikuwa mjomba mwingine, Leopold, mdogo wake Ernst. Huyu Wabelgiji walimfanya mfalme wao wa kwanza mwaka 1831. Na mwanawe ndiye Leopold wa Pili. Ndugu zangu wa Kongo, huyo sina haja ya kuwatambulisha; alipoitawala Kongo, utomvu wa mpira uliogemwa kwa shuruti na mikono iliyokatwa, mnajua wenyewe. Basi alikuwa binamu yake Victoria, na kwa Albert alikuwa mtoto wa baba mdogo.

Leopold wa Pili akamwoza binti yake Stéphanie kwa Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria, mwaka 1881. Wakenya, Rudolf mnamkumbuka? Mwaka 1888 msafara wa Teleki, mpelelezi kutoka Hungaria, ulifika Ziwa Turkana, likapewa jina la Rudolf, na lile la jirani upande wa Ethiopia, Chew Bahir, likapewa jina la mke. Mume ziwa, mke ziwa! Ndoa yenyewe ilikuwa ya maumivu matupu. Januari 1889 Rudolf alikutwa amekufa huko Mayerling, Austria, pamoja na binti wa miaka 17, na binti huyo hakuwa mkewe. Jina la Rudolf lilikaa kwenye ziwa mpaka Kenya ilipolibadilisha mwaka 1975.

Lubumbashi, zamu yenu. Elisabethville, jina lenu la zamani, ni la Malkia Elisabeth wa Ubelgiji. Mumewe, Albert wa Kwanza, alikuwa mtoto wa mdogo wake Leopold wa Pili. Na baba yake Elisabeth alikuwa kaka wa mama yake Rudolf. Mnaona inavyozunguka? Ziwa Edward ni mtoto wa Victoria. Ramani ya Maziwa Makuu ni kama wamebandika picha za harusi za watu hawa ukutani.

Kwa nini waoane wao kwa wao? Kwanza sheria za koo. Mtu wa kiti cha enzi alitakiwa aoe mwenye hadhi sawa, na Waprotestanti walitafutana wenyewe. Ujerumani kabla ya 1871 ilikuwa na vitawala zaidi ya thelathini, kila kimoja na mabinti na vijana wenye vyeo na mifuko mitupu. Ukihitaji mchumba wa kifalme asiye na nchi kubwa ya kukutisha nyuma yake, unakuja huku.

Na huku zilifanyika harusi haswa. Aprili 1894, kwenye kasri la Ehrenburg hapo karibu, wajukuu wawili wa Victoria walioana: Ernst Ludwig na Victoria Melita, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba. Bibi mwenyewe alikuja. Kesho yake tu, Nicholas, mrithi wa kiti cha Urusi, alikubaliwa posa na dada wa bwana harusi, Alix, aliyekuwa akikataa kwa sababu ya kubadili dhehebu. Picha ya familia ilipigwa, na Wilhelm wa Pili wa Ujerumani yumo. Miaka ishirini baadaye Wilhelm na Nicholas wanapigana vita. Maharusi nao? Waliachana mwaka 1901, baada ya bibi kufariki. Victoria Melita akatoka kwa mtoto wa shangazi akaolewa na mtoto wa mjomba upande wa mama. Hakujifunza, au labda huko ndiko alikopenda.

Halafu lile la ugonjwa. Wengi husema Alexei, mtoto wa Nicholas na Alix, damu yake haikuganda kwa sababu ya kuoana ndugu. Hapana. Ugonjwa ule hubebwa na mama, na kwa kawaida huwaangukia watoto wa kiume. Alix aliurithi kutoka kwa bibi yake, Victoria, na hata angeolewa na mtu baki angeweza kuupitisha. Mkitaka mfano wa kuoana ndugu kupita kiasi, muangalieni Charles wa Pili wa Hispania, aliyefariki mwaka 1700 bila mtoto: baba yake alimwoa binti wa dada yake mwenyewe.

La mwisho ni lile ninaloulizwa kila siku: eti Victoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm mlima Kilimanjaro, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda. Hadithi tamu, lakini tarehe zinaikataa. Mpaka ule ulikubaliwa na serikali mbili mwaka 1886, na Wilhelm alikalia kiti mwaka 1888. Wakati ule mfalme alikuwa babu yake upande wa baba, Wilhelm wa Kwanza. Alichopata mjukuu ni jina tu: mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni akakiita kwa jina la Kaiser Wilhelm. Ndicho hicho sisi tunakiita Uhuru.

Mwenye swali aandike, nasoma yote.