Hakimu Asiye na Kura: Barbara Wootton

Asanteni. Maisha ya Barbara Wootton hayaenei katika muda niliopewa, kwa hiyo nitachagua.

Alizaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1897. Mwaka 1917 aliolewa na Jack Wootton, askari, ambaye aliitwa vitani karibu mara tu baada ya harusi. Wiki chache tu akafa kwa majeraha. Binti wa miaka 20, mjane. Akarudi vitabuni, akafaulu uchumi daraja la kwanza, ila shahada hakupewa. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kuwapa wanawake shahada mwaka 1948! Hata alipoalikwa kutoa mihadhara pale chuoni, ilitangazwa kwa jina la mwanamume, Hubert Henderson.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1926 aliteuliwa kuwa hakimu, London, akiwa na miaka 29. Wakati huo mwanamke wa Uingereza alipiga kura kuanzia miaka 30. Yaani kuhukumu aliruhusiwa, kumchagua mbunge bado.

Miaka mingi alisikiliza kesi za watoto, na humo ndimo lilimotoka swali lake: haya tunayoyasema kuhusu wahalifu, nani kayapima? Katika kitabu chake cha 1959 alizipekua tafiti 21 zilizodai kujua kinachowaharibu vijana: familia kubwa, wazazi kutengana, mama kwenda kazini. Kila mtafiti alikuwa na kipimo chake, majibu hayakulingana, ushahidi mwembamba. Na sisi je? Mtoto akiiba simu, wa kwanza kulaumiwa ni mama anayeshinda sokoni. Yeye alishangaa kingine: wanaume wangekuwa na mwenendo wa wanawake, mahakama zingekosa kazi na magereza yangebaki matupu, na bado hakuna aliyeona hilo ni la kuchunguzwa.

Mwaka 1958 aliingia Baraza la Malordi, yaani baraza la juu la Bunge la Uingereza, miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa. Mwaka 1965 ndiye aliyeuwasilisha humo muswada wa kufuta adhabu ya kifo kwa mauaji.

Kisha, mwaka 1970, ripoti ya kamati aliyoiongoza ikapendekeza mkosaji aitumikie jamii badala ya kwenda jela. Sheria ya Uingereza ya 1972 ikaweka saa 40 hadi 240 za kazi bila malipo. Kenya ilitunga sheria yake ya adhabu hiyo mwaka 1998, Tanzania 2002. Wengi wangejisifu. Mama huyu, mwaka 1978, aliandika kwamba aya moja ya ripoti ile ilimtia haya kidogo, kwa kuwa iliandikwa ili kumfurahisha kila mtu: wapenda adhabu kali na wapenda huruma pamoja.