Kuipima Baiskeli ya Milimani ya Shokapu Fupi: Anza na Hewa

Karibuni tena. Baiskeli mnayoiona hapa ina shokapu mbele na nyuma, lakini fupi: gurudumu la nyuma linapanda milimita 120 tu, foku ya mbele 130. Leo tunaipima kabla mtu hajatoa hela yake.

Kwanza, acha kuibonyeza kwa mkono halafu useme "hii ngumu." Niliwahi kuirudisha baiskeli ya kuazima, nzuri tu, kwa sababu ilinirusharusha kwenye mawe. Baadaye nikaambiwa hewa ya ndani ya shokapu zake ilijazwa kwa mtu wa kilo 95. Mimi nina 68! Kwa hiyo tunaanza na hewa.

Vaa kila utakachovaa njiani, begi na maji yakiwemo. Egemea ukuta. Sasa kamera isogee hapa: mnakiona kimpira cheusi kwenye nondo inayong'aa ya shokapu? Kisukume mpaka kiguse sili, pale nondo inapoingilia. Kaa kwenye siti taratibu, usirukeruke, kisha shuka taratibu vilevile. Uzito wako umekisogeza kimpira. Pima kwa rula kutoka sili hadi kimpira.

Nondo ya hii inaingia milimita 45 kwa jumla. Nyuma nataka asilimia 25 hadi 30 ya urefu huo, yaani kama milimita 11 hadi 13. Hapa nimepata 8, hewa imezidi. Natoa kidogo, naibonyeza shokapu mara kadhaa ili hewa ya vyumba viwili vya ndani ilingane, napima upya. Mbele, asilimia 15 hadi 20 inatosha. Na ukiunganisha pampu tena ukaona geji imeshuka, usishtuke, hewa imejaza mpira wa pampu tu.

Pili, kasi ya kurudi. Ukiwa umekaa, shuka ukingo wa barabara. Siti ikikurudisha juu mara moja na kutulia, sawa. Ikidunda mara mbili au tatu, zungusha kile kirungu chekundu cha shokapu upande wa kupunguza kasi, alama moja moja.

Tatu, mlima. Tafuta mwinuko mkali, panda ukiwa umekaa, shokapu ikiwa wazi, yaani iachwe icheze. Usiibane kwanza, maana hapo ndipo baiskeli ya aina hii inapotakiwa kukulipa. Tazama nondo: ikicheza kidogo, poa. Ikizama kila unapokanyaga pedali, nguvu zako zinaishia huko. Angalia pia kama gurudumu la mbele linayumba au kuinuka. Huenda siti imekaa nyuma mno.

Nne, kushuka. Chagua kipande kifupi chenye mizizi na mawe, ukipite mara tatu, na kila mara badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimesaidia. Upepo wa tairi nao uhesabu, wengi wanailaumu shokapu wakati kosa ni tairi lililojazwa kama jiwe.

Usitarajie kupita juu ya kila kitu kama uko kwenye godoro. Shokapu fupi inakutaka uchague mstari, na kwa malipo unaisikia ardhi na kona zinakuja haraka. Mimi naipenda hivyo. Asiyetaka kufikiri akishuka atafute yenye milimita 150.

Ukifika chini, rudi kwenye kimpira. Kimefika mwisho mara moja tu, pale ulipotua kwa kishindo? Vizuri. Kinafika mwisho kila safari ilhali vipimo vya kukaa viko sawa? Usiongeze hewa, ongeza vile vipande vya plastiki vinavyopunguza nafasi ndani ya shokapu.

Mwisho, na hasa kama ni ya mtumba: shika siti, inyanyue kidogo kidogo huku kidole kimegusa kiungo cha shokapu. Ukisikia "tk", kuna bushi au beringi iliyokwisha. Kaza bolti kwa kipimo kilichoandikwa, jaribu tena. Ikiendelea kugonga, bei ishuke kwa gharama ya beringi zote, siyo moja.