Alizeti Mwitu: Mbolea Iliyosimama Kwenye Fensi

NEKESA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Nekesa, niko na kaka yangu Odhiambo. Leo nimekuja na tawi mkononi.

ODHIAMBO: Nimelinusa hata hujaketi, dada. Si yale maua ya manjano yanayojaa kandokando ya barabara ya Kakamega?

NEKESA: Ndiyo hayo. Alizeti mwitu. Wataalamu huiita tithonia, na kwetu Uluhyani ni maua amalulu, yaani maua machungu. Fikicha jani hili kisha ule ugali bila kunawa, utajua jina limetoka wapi. Kinachoniuma ni kuona mtu anaifyeka, anaichoma, halafu anaenda kukopa pesa za mbolea.

ODHIAMBO: Basi tuwape hesabu. Miaka ya 1990 watafiti wa kilimo na misitu wa mashirika ya ICRAF, KEFRI na KARI waliichunguza sana kule Maseno, magharibi mwa Kenya. Katika kilo 100 za majani makavu kuna chakula hiki cha mimea: naitrojeni kama kilo 3.5, potasiamu kilo 4 hivi, na fosforasi karibu gramu 370.

NEKESA: Hiyo fosforasi mbona kidogo?

ODHIAMBO: Kwa jani la kichaka ni nyingi, na mashamba mengi ya magharibi yana njaa ya fosforasi hasa. Ndiyo maana wengine walichanganya majani haya na unga wa mawe ya fosfeti, yaani mawe yenye fosforasi, kutoka Minjingu, Tanzania. Halafu jani lenyewe ni laini. Ukilifukia, baada ya wiki mbili hulioni tena, limeshaoza.

NEKESA: Kuna wanaodhani inavuta naitrojeni hewani kama maharagwe.

ODHIAMBO: Hapana, hii si jamii ya kunde, ni ndugu wa alizeti. Chakula chote imekinyonya pale pale kwenye fensi, sisi tunakihamisha tu. Ukikata mwaka hadi mwaka bila kurudisha kitu, fensi nayo inachoka. Mimi huipelekea majivu na maganda ya jikoni.

NEKESA: Kupanda ni rahisi mno. Mvua zikianza, kata kijiti kilichokomaa, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, kichomeke ardhini kikiwa kimeinama kidogo. Usikigeuze juu chini. Kikishapita kiuno, anza kuvuna majani na vitawi vya kijani kabla hakijachanua, na uache kisiki cha kutosha kichipue tena.

ODHIAMBO: Na ukiuacha utoe mbegu, utaukuta hadi shambani kwa jirani. Unasambaa vibaya.

NEKESA: Mimi ulinisambaa hata bila mbegu. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikafukia matawi mazima, na vile vijiti vigumu. Mvua ikanyesha wiki nzima. Nilipokuja kupalilia, kati ya mistari ya sukuma kulikuwa na vichipukizi vya alizeti mwitu vimesimama wima. Ilibidi ning'oe kimoja kimoja. Tangu siku hiyo napukuta majani, vijiti vinaenda jikoni kuwasha moto.

ODHIAMBO: Sasa, mahindi je? Maana hilo ndilo swali la kila mtu.

NEKESA: Yanaitikia vizuri, lakini fikiria mgongo wako. Kipimo kimoja kilichojaribiwa ni tani 5 za majani makavu kwa hekta. Mabichi hayo yanapita tani 20! Nani atayakata na kuyabeba?

ODHIAMBO: Hapo nakubaliana nawe kabisa. Kazi hiyo ilipwe na mboga: sukuma wiki, nyanya, kitu unachouza sokoni kila wiki. Bustani ndogo, fensi iko hapo karibu.

NEKESA: Na asiye na nguvu za kufukia atengeneze mbolea ya maji. Jaza gunia majani yaliyokatwakatwa, litumbukize kwenye pipa la maji, funika, koroga kila baada ya siku chache.

ODHIAMBO: Harufu yake lakini!

NEKESA: Weka pipa mbali na dirisha. Baada ya wiki mbili hivi maji yamekuwa meusi. Yaongeze maji mengine mpaka yafanane na chai ya rangi iliyo nyepesi, umwagie kwenye shina, si juu ya majani. Langu nililiweka Jumatatu iliyopita, nyuma ya banda la kuku.

ODHIAMBO: Basi Jumatatu ijayo nakuja na debe langu.