Mwenye Saa ni Mmoja: Kupanga Midundo kwa FL Studio na Cubase

(Mhadhara kwa maprodyuza chipukizi, Arusha)

Karibuni. Mlioko nyuma sogeeni mbele, spika ni ndogo na mambo yenyewe ni ya sikio. Sitaeleza FL ni nini wala Cubase ni nini, zaidi ya kusema ni programu za kutengenezea muziki kwenye kompyuta. Aliyepanda daladala kutoka Ngaramtoni kuja kusikiliza mada hii anazijua zote mbili, na pengine zote anazo kwenye kompyuta moja. Nimekuja na jambo moja. Wengine mmeshalisikia kwangu mara tatu, mara nne. Nalirudia kwa sababu juzi tu nimeletewa flashi yenye kosa lilelile.

Jambo lenyewe ni hili: ukitumia programu mbili kwenye wimbo mmoja, mwenye saa awe mmoja, yaani programu moja tu ndiyo ipange mwendo.

Niwape kisa cha kwaya. Ilitoka upande wa Moshi, watu ishirini na kitu ndani ya Coaster ya kukodi, wakaja kurekodi kwangu Sombetini. Nikawawekea mdundo wa kuongozea ndani ya Cubase, tempo 92, yaani mapigo 92 kwa dakika, kiki (ile ngoma nzito ya chini) na sheka (ile ya kutikisa) tu. Wakaimba kutwa nzima. Sauti safi, hasa zile za besi, ungedhani ukuta unaimba. Jioni wakarudi kwao. Mdundo wenyewe wa kudumu tulipanga uje baadaye, na aliyeutengeneza ni mdogo wangu wa kazi, kwenye FL, kwenye kompyuta yake nyumbani. Yeye tempo hakuiandika. Aliipata kwa kugonga kitufe huku akisikiliza wimbo, FL ikampa 92 nukta tatu. Akasoma 92. Akatoa faili moja refu la ngoma, umeme ukakatika kabla hajahifadhi projekti, akaniletea faili.

Nikaliweka mwanzo wa wimbo. Mistari ya kwanza tamu kabisa, tukapongezana. Kwenye kiitikio cha kwanza mguu wangu ukaanza kusita. Kufika kiitikio cha pili, sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, inapiga pale ambapo waimbaji wanavuta pumzi. Mwishoni ngoma ilimaliza, kwaya bado ina neno lake. Mwalimu wa kwaya alikuja kusikiliza kazi yake, akakaa kimya mpaka mwisho, akaniuliza: "Kaka, huyu mpiga ngoma wenu ana haraka ya kwenda wapi?"

Tupige hesabu, chukueni kalamu. Kwenye tempo ya 92, pigo moja ni milisekunde 60,000 kugawa kwa 92, yaani 652. Robo ya pigo, ambayo ndiyo kitufe kimoja kwenye ile safu ya vitufe 16 ya FL, ni 163. Sasa 92 na 92.3 zinapishana kidogo mno, mtu haoni. Lakini mwisho wa dakika ya kwanza ngoma imeshatangulia karibu milisekunde 195. Imeruka kitufe kizima na zaidi! Mwisho wa dakika ya nne imetangulia sekunde 0.78, zaidi ya pigo zima. Na kwaya ile singeweza kuiita tena. Nauli ya watu ishirini na kitu, kilomita themanini kuja na themanini kurudi, nani analipa?

Nilikesha nikikata ngoma kila baa nne (baa ni kundi la mapigo, kwenye wimbo ule manne manne) na kuzirudisha nyuma. Kila nilipokata, mkia wa tasa, ule mlio wake unaofifia, ulikatika. Ukiusikiliza wimbo ule leo kwa hedifoni, unasikia tasa zikimezwa, chap, chap. Mimi nazisikia hata kabla hazijafika.

Sasa kuna anayesema, "Mwalimu, si ungesogeza tu faili?" Huyo ndiye niliyemfuata hapa leo. Makosa ya saa ni ya aina mbili, na dawa zake hazifanani.

Saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu zimepishana kwa saa sita. Mgeni akiambiwa kikao ni saa nne asubuhi, akaandika nne yake, atatokea saa kumi jioni. Amechelewa vibaya, lakini zile saa sita haziongezeki wala hazipungui. Ukishamweleza mara moja, kesho atafika. Kosa la namna hiyo kwenye muziki ni faili kuanza limechelewa: unalisogeza mara moja, imekwisha, mpaka mwisho wa wimbo limekaa sawa. Faili la MP3 hufanya hivyo. Usimbaji wake huongeza kimya kidogo mwanzoni, kwa kawaida sampuli (vile vipande vidogo vya sauti ambavyo kompyuta huhesabu) zaidi ya elfu moja, yaani kama milisekunde 25. Unasogeza, basi.

Aina ya pili ni saa ya mkononi inayokimbia dakika moja kila siku. Hii ukiirekebisha Jumatatu, Jumanne imeshakudanganya. Kuisogeza hakusaidii kitu, kwa sababu mwanzo wake hauna kosa, kosa liko kwenye mwendo. Ngoma za kwaya zilikuwa hivyo. Na faili la sampuli 44,100 kwa sekunde likichezwa kana kwamba ni la 48,000 bila kugeuzwa, ndiyo hivyo tena, ila huko utasikia mapema kwa sababu sauti inapanda karibu nusu-toni (hatua ya kinanda kutoka kitufe hadi kitufe cha jirani) moja na nusu, mwimbaji anageuka mtoto.

Na angalieni ujanja wa kosa la kwanza kugeuka la pili. Chukua lupu, kipande cha kurudiarudia, ya baa mbili uliyoihifadhi kwa MP3, ibandike mara thelathini kwa kuunganisha mkia na kichwa. Kile kimya cha mwanzoni kinarudi kila baa mbili. Ulichokuwa ukikisogeza mara moja sasa kinajirundika. Ndiyo maana nasema lupu za ngoma zitoke kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, na atakayeniletea MP3 nitamrudisha getini.

Dawa ya aina ya pili niliijua nimechelewa. Unapima. Hesabu baa 64 za ngoma zako, ni mapigo 256. Tazama zimechukua sekunde ngapi: zile zangu zilichukua 166.41. Zidisha 256 kwa 60, gawa kwa 166.41, unapata 92.30. Hapo saa yake umeishika mkononi. Ukishajua, unalivuta faili zima lirefuke kwa uwiano huo, 92.3 kwa 92, kwa kulipunguzia mwendo tu kama kanda ya zamani. Sauti ya ngoma inashuka, ndiyo, lakini haifiki hata sehemu ya kumi ya nusu-toni. Hakuna sikio la kwaya litakaloikamata. Kazi ya dakika tano. Mimi nilikesha na mkasi.

Haya, swali ambalo naliona kwenye nyuso tangu nimeanza: kwa nini basi programu mbili? FL siku hizi inarekodi sauti, na Cubase tangu toleo la 5 la mwaka 2009 ina Beat Designer, nayo ni vitufe vilevile. Kweli tupu. Anayeweza kumaliza wimbo wake kwenye moja amalize, wala asisumbuke na mimi.

Lakini tazameni mkono wa kijana anayepanga ngoma kwenye FL. Vitufe 16 kwa mstari, kiki mstari wake, sneya wake, hai-hati (zile tasa mbili zinazofungwa na kufunguliwa) wake. Mmecheza bao? Upande wako wa bao una mashimo 16, nane na nane. Mchezaji mzuri hahesabu kete, anaona. Kijana wa FL naye haoni vitufe, anaona mdundo: kiki hapa (ya ngoma, siyo ya mitandaoni), ruka tatu, nyingine hapa, ondoa, sikiliza. Programu hii ilianza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, huko Ubelgiji, na kwa miaka yote hiyo hakijatokea kitu kilichozoeleka zaidi kwenye vidole vya vijana wetu. Ukimwambia aache, unamkata kidole. Ukija kwenye kuimba, mwimbaji karudia beti mara tisa, unataka neno hili la mara ya pili na lile la mara ya saba, Cubase inayapanga matabaka yake kama kanga dukani. Kila mmoja na kazi yake. Ninachokataa ni kila mmoja na saa yake.

Njia ninayoipenda: ingiza FL ndani ya Cubase kama plagini, yaani programu inayofanya kazi ndani ya nyingine. Wengi hamjui kwamba mkisakinisha FL, plagini hiyo inakuja nayo. Unaifungua kama kinanda kingine chochote. Ukibonyeza kucheza kwenye Cubase, FL inacheza; tempo ni ya Cubase, FL haina usemi kwenye jambo hilo. Ukibadili 92 kuwa 94 kwenye kiitikio, ngoma inafuata. Chagua ile plagini yenye njia nyingi za kutolea sauti, upeleke kiki kwenye chaneli yake ya miksa, sneya yake, na kadhalika. Na FL iweke kwenye hali ya wimbo, si ya patani (kipande kimoja cha mdundo), la sivyo utasikia patani moja inazunguka mpaka ulale. Zamani tulitumia ReWire, njia ya kuunganisha programu mbili, waliyoitengeneza Propellerhead na Steinberg mwaka 1998. Hiyo imeachwa mwishoni mwa 2020, msipoteze muda kuitafuta.

"Kompyuta yangu haiwezi kubeba zote." Najua, nyingi ni za mtumba. Basi panga ngoma peke yake kwenye FL, lakini andika tempo kwa mkono, namba kamili, nukta sifuri sifuri sifuri, ileile iliyoko Cubase. Halafu toa kila ngoma faili lake la WAV, zote zianzie baa ya kwanza hata kama tasa inapiga mara moja tu baa ya hamsini. Na hifadhi projekti kabla ya kutoa faili. Kabla!

Au beba MIDI, yaani maelekezo ya noti tu, badala ya sauti. Hapa kuna tundu moja ambalo wengi huangukia. Umepanga kiki kwenye noti 36, ambayo ndiyo ya kiki kwa kawaida ya ala za ngoma. FL inaiita C3. Cubase noti ileile inaiita C1. Kijana anaona C1, anadhani imeshuka, anaipandisha oktavu mbili, sasa kiki yake inapiga bongo (ile ngoma ndogo ya mkono) au haipigi kabisa. Hakuna kilichoshuka. FL huiita noti 60 C5, Cubase huiita C3, ni majina tu. Soma namba, usisome herufi: kiki 36, sneya 38, hai-hati iliyofungwa 42, iliyofunguliwa 46.

Muda unanikimbia, swingi niiguse tu. Roger Linn ndiye aliyeiweka kwenye mashine za ngoma, tangu mashine yake ya LM-1 mwaka 1980: kile kitufe cha pili katika kila jozi kinacheleweshwa kidogo. Asilimia 50 ni sawasawa, 66 ni mwendo wa tatu. Ukiweka 58 kwenye tempo yetu ya 92, kitufe cha pili kinachelewa milisekunde 26. Ishirini na sita! Ndiyo utamu wote huo. Sasa ukiileta MIDI hiyo Cubase halafu ukabonyeza kukwantaizi (kunyoosha noti zikae sawasawa kwenye mapigo) kwa mazoea, umeifuta. Na ukimrekodi mpiga sheka huku bafa yako, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa, iko kwenye sampuli 1,024, hiyo ni milisekunde 23 kwa njia moja, anajisikia amechelewa, anaanza kuwahi, swingi imekufa bila mtu kuiua. Kurekodi shuka 256 au chini. Kuchanganya, panda upendavyo.

La mwisho, maana naona mnashika simu. Ngoma zetu nyingi hutembea kwa tatu, na vitufe 16 havigawanyiki kwa tatu. Msizilazimishe. Punguza patani iwe vitufe 12. FL inahesabu vitufe vinne kwa pigo, wewe unataka vitatu, kwa hiyo zidisha tempo yako kwa 3, gawa kwa 4: ukitaka mguu ukanyage 92, andika 69 kwenye programu zote mbili, baa iwe tatu kwa nne, yaani ya mapigo matatu. Metronomu, ile sauti ya kuhesabia mapigo, itagonga mara tatu wakati mguu unakanyaga mara nne, itawachanganya waimbaji. Izime, waongozeni kwa sheka. Nilitaka kuwaonyesha hili kwa mfano wa mirindimo, itabidi siku nyingine.

Aliyekuja na kompyuta aiwashe. Wewe mwenye flashi ya juzi, lete hapa, tuhesabu hizo baa 64 pamoja.