Giaboksi Inachemka na Maji ya Injini Yako Poa: mazungumzo na wenye maboti, Mtwapa

Haya jamani, asalaam alaykum, na wale wa hamjambo, hamjambo. Sogeeni kivulini, mi nitasimama hapa karibu na trela kila mtu aone. Nimeitwa niongee juu ya hizi Prado na Pajero na Fortuner tunazovutia maboti, na naanza na jambo watu hawapendi kuliskia: ile sindano ya temparecha kwa dashbodi haikuambii lolote kuhusu giaboksi. Inapima maji ya injini, basi. Giaboksi ya otomatiki yaweza kufika digrii 130 na sindano imetulia pale katikati, na wewe waenda zako na taarab yako mpaka Voi.

Wengi wanadhani joto la giaboksi linatoka kwa injini, ama ni jua la Mombasa. Jua lina mchango wake, wakati wa kaskazi, mwezi wa pili hivi, hewa yenyewe iko 32 au 33, utapoza na nini. Lakini chanzo ni konvata. Konvata imekaa kati ya injini na giaboksi, imejaa oili, upande mmoja unazungushwa na injini unarusha oili ipige upande wa pili nao uzunguke. Upande wa injini ukienda mbio kuliko mwenzake ile tofauti haipotei, inageuka joto, na inaingia kwa oili ile ile inayolainisha kila kitu na kubana klachi zote mle ndani. Ukienda mwepesi barabara tambarare konvata inajifunga, ina klachi yake, pande mbili zinazunguka pamoja na joto hilo linaisha. Ukivuta mzigo ukakanyaga, inafunguka. Sasa mimi kila kitu nitakachosema leo ni hicho tu, imefungwa au imefunguka.

Tupige hesabu kidogo msinikimbie. Gari na boti jumla tani 4, mlima wa asilimia 6, mwendo wa 40. Kupanda tu, bila kuhesabu upepo na matairi, kunataka kama kilowati 26 kwenye magurudumu. Konvata ikipoteza asilimia 15, hizo ni zaidi ya kilowati 4 zinazobaki kwa oili, yaani birika mbili za umeme zinachemka ndani ya giaboksi. Na oili iliyomo ni lita 10 hivi. Isipopozwa inapanda karibu digrii 15 kwa dakika moja. Dakika moja! Ndio maana mtu anakwambia "nilikuwa sawa mpaka pale Mazeras alafu ghafla". Hakuna ghafla hapo, ni hesabu.

Na Mazeras mwaijua. Unatoka Miritini, mbele yako malori ya kontena yanatambaa 15 au 20, huwezi kuovateki, wewe uko kwa D, guu linakanyaga linaachia linakanyaga. Konvata imefunguka mlima mzima, na hewa ya kupita kwa rejeta hakuna kwa sababu mwendo hakuna. Hapo ndipo giaboksi zinapofia, si kwa spidi. Toa D, weka gia ya chini, 3 au 2, acha injini ipige kelele kidogo. Watu wanaogopa rpm, ile mizunguko ya injini kwa dakika, waona 2,800 wanadhani wanaua injini. Dizeli ya Prado haina shida na 2,800. Shida ni 1,600 kwa gia ya juu na konvata inateleza kama haina mwenyewe. Alafu acheni nafasi na lori, afadhali usubiri chini uende na mwendo wako kuliko kumnusanusa nyuma mlima wote.

Utajuaje imefunga? Angalia rpm. Uko 80 barabara sawa, kanyaga kidogo, kidogo sana. Kama rpm inapanda pamoja na spidi pole pole, imefunga. Kama rpm inaruka 300 au 400 na gari liko pale pale na gia haijabadilika, imefunguka. Jaribuni leo mkirudi, hata bila trela utaiona. Zile za zamani zenye batani ya O/D, yaani overdrive, ile gia ya juu kabisa, ukiwa na trela izime, isiwe inaingia inatoka kila kidaraja.

Kwa rampu, kutoa boti majini, tumieni 4L, ile Low, gia nzito ya magurudumu manne. Nashangaa mtu ana gari la milioni kadhaa na ile lever hajawahi kuigusa. Low inamuondolea konvata kazi kubwa sana. Prado ambayo ni 4WD muda wote, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, usiifunge kwa simiti kavu. Zile za kuchagua 2H na 4H, magurudumu mawili au manne, simiti kavu usikate kona ukiwa kwa manne, lakini rampu yenye maji na mchanga twende tu.

Sasa kula, si ya chakula, ni oil cooler, kipoza oili, wanauza pale mjini. Magari yetu mengi ni ya Japani ya mkono wa pili na mengi hayakuagizwa kwa kazi ya kuvuta, oili inapozwa ndani ya tangi la rejeta peke yake. Ongezeni kula ya nje, ile ya sahani sio ya bomba lililokunjwa, na ifungwe BAADA ya rejeta: oili itoke giaboksi, ipite rejeta, ipite kula, irudi. Kuna fundi atakwambia ruka rejeta kabisa. Mi sikubali, maji yanabeba joto vizuri kuliko hewa, na ukiwa kwa foleni ya feri Likoni hewa yenyewe iko wapi. Isipokuwa rejeta imezeeka, hapo badilisha rejeta. Ikitoboka ndani maji yanaingia kwa oili, oili inakuwa ya waridi yenye maziwa, na klachi zinabanduka. Na hapa pwani chumvi inakula yale mapezi ya kula, oshea maji baridi kila ukitoka rampu.

Kujua joto lenyewe, kile kidude cha ELM327 cha bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, na simu yako. 80 mpaka 95, kawaida. 105 mlimani, vumilia. Ikipita 120 punguza mzigo wa guu, shusha gia. 130, simama. Mafundi tuna kanuni kwamba kila digrii 10 hivi juu ya 80 inakata maisha ya oili nusu, piga mwenyewe ujue 120 ni nini. Ile taa ya A/T OIL TEMP usiingoje, ikiwaka umeshachelewa. Na ukisimama USIZIME injini! Pampu ya oili inazungushwa na injini. Weka P, handibreki, zima AC, rpm 1,200 hivi, ngoja ishuke chini ya 100.

Swali? Ndio mzee. ... Mzee anauliza gari lake halina dipstiki, waliomuuzia walimwambia oili ni ya maisha. Maisha ya nani, mzee wangu? Prado ya spidi 5 inapimwa kwa plagi ya chini, gari limenyooka, injini inanguruma, oili iwe kwa joto lililoandikwa kwa kitabu, lazima itone pole pole. Fundi akiifungua ikiwa moto kamili oili imevimba, itamwagika atakuachia pungufu. Mwenye kuvuta trela mi nasema badilisha kila kilomita 40,000, na uweke ile iliyoandikwa kwa kitabu, kama ni WS, ile oili ya Toyota, basi WS. Ikitoka nyeusi na inanuka kuungua, fungua ule mfuniko wa chini uangalie sumaku: unga laini wa kijivu sawa, vipande vya chuma nipigie simu kabla hujavuta hiyo boti mpaka Kilifi.