Mlango wa Chumvi na Sukari

Hamjambo, ndugu zangu wahudumu wa afya. Mlioketi nyuma sogeeni mbele, kuna kitu nataka mkione kwa macho.

Hiki ni kitunguu. Nimekikata nilipoingia ukumbini nikakinyunyizia chumvi, wala sikutia tone la maji. Haya, tazameni bakuli sasa. Nani hapa Mathare hajawahi kukamua kachumbari akamwaga maji haya? Yametoka ndani ya seli za kitunguu. Utando wa seli ni tabaka mbili tu za mafuta, na maji huupenya yakielekea kwenye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi. Shikeni hilo: chumvi iendako, maji hufuata.

Chumvi yenyewe, na sukari, haziupenyi utando hivi hivi. Hupitia kwenye protini zilizopachikwa humo, na kila protini ina vyake inavyovikubali. Kwenye utumbo mwembamba iko moja ninayoipenda mno, naiita mlango. Glukosi, aina ya sukari, ikija peke yake, haiipitishi. Sharti ije na chembe mbili za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ndipo zote zinaingia. Aliyeeleza ushirika huo ni Robert Crane, huko Prague, mwaka 1960. Na sodiamu haijai ndani ya seli, kwa sababu upande wa pili kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana.

Sasa kipindupindu. Sumu yake huifanya seli imwage chumvi ndani ya utumbo, na maji yanaifuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Lakini ule mlango wa sukari na sodiamu, sumu haiugusi! Mgonjwa anaharisha, na mlango bado uko wazi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipowaishia, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ikiwepo, tumieni hiyo. Isipokuwepo, ni lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Nilimkuta mama mmoja ameongeza sukari maradufu ili mtoto ayapende, na kuhara kukazidi. Hakuwa mzembe, hakuna aliyemweleza. Sukari ikizidi uwezo wa mlango hubaki utumboni, nayo huyavuta maji kama chumvi ilivyoyavuta kwenye kitunguu hiki. Soda nayo ni hivyo hivyo, msimpe mtoto anayeharisha.

Kijiko cha mlima na kijiko kilichosawazishwa si kitu kimoja. Nimeleta jagi, sukari, chumvi na kisu cha kusawazishia. Mama uliyebeba mtoto, mpe jirani akushikie, uje utupimie wa kwanza.