Kurudisha mng'ao wa fito za aluminiamu kwenye gari ya zamani

Assalaam alaykum watazamaji wangu. Tuko uani hapa Mwanakwerekwe, na hii ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1967. Tazameni fito hizi za ubavuni zilivyopauka, zina madoa meupe kama chokaa. Watu wengi huchukua polishi wakasugua mchana kutwa, wala hazibadiliki. Kiwandani aluminiamu hii ilitiwa kwenye tindikali, ikapitishwa umeme, ikaota ngozi ya oksidi iliyo ngumu kuliko aluminiamu yenyewe. Ngozi hiyo ndiyo iliyoliwa na upepo wetu wa chumvi. Lazima tuivue kwanza.

Kupima, chukua mita ya umeme, iweke pale inapolia waya ukiwa mzima, kisha gusa ufito kwa ncha zote mbili, bila kukwaruza. Isipolia, ngozi ipo.

Fito tunazitoa kwa kabari ya mbao, klipu moja moja. Bisibisi iacheni, maana ufito ukishapinda alama yake haitoki. Zioshe kwa sabuni.

Sasa kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni za mwani kule Paje. Hapa nawaomba sana, jamani: vaeni glavu ndefu na miwani, fanyeni nje, watoto wasiwe karibu, na sigara isiwashwe, kwa sababu povu lile ni haidrojeni, inashika moto. Mimi natumia bomba la plastiki la inchi 4, nimelipasua kwa urefu na kuziba ncha. Sufuria ya aluminiamu hapana, soda itaila. Maji baridi yatangulie, halafu soda, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita. Usimwagie maji juu ya soda, itakurukia. Ikikugusa mwilini, jimwagie maji mengi papo hapo.

Zamisha ufito. Mwanzo kimya, kisha mapovu yanachemka kwa nguvu: hapo soda imefika kwenye aluminiamu. Dakika mbili hadi tano zinatosha, usiondoke. Toa, suuza, futa ule unga mweusi kwa sponji na siki kidogo, suuza tena. Maji ya mwisho yawe ya mvua au ya mfereji, si ya kisima chenye chumvi. Ukikauka, pima. Mita ikilia kila mahali, tumemaliza kuvua, pasipolia, rudisha.

Ulaze juu ya ubao ulionyooka. Msasa wa maji namba 400 pale penye vishimo tu, halafu 600, 1000, 1500 na 2000, kila mara kwa urefu wa ufito. Usiharakishe 600, mkwaruzo ukibaki hapo utauona juani. Kisha polishi ya metali na kitambaa laini.

Aluminiamu sasa iko tupu, basi ipake nta siku hiyo hiyo, nyuma pia, na urudie kila mwezi. Vanishi siipendi huku pwani: ikikwaruzika, chumvi hupenya chini yake. Klipu mpya ziwe za plastiki, kwani za chuma zikilowa chumvi hula aluminiamu pale zinapogusana. Haya, bonyeza taratibu, kuanzia mlangoni.